Mpasheni wako si dume

Mpasheni ukitanda uani na kuchanua mwezi baada ya mwezi bila tunda, jirani hakosi kusema: "Huo ni dume, ung'oe." Kauli hiyo imeazimwa kwenye mipapai, ambayo kweli ina madume. Mpasheni hauna. Lichungulie ua lake: juu ya zile nyuzi za zambarau kuna vifuko vitano vya chavua, na juu yake tena vijiti vitatu vya kike. Dume na jike wamo katika ua lilelile.

Cha kuangalia ni aina. Pasheni ya zambarau hujichavusha yenyewe. Ya njano huikataa chavua yake, hata ya mche uliokatwa kwenye shina lake. Hutaka ya mpasheni mwingine, uliooteshwa kwa mbegu. Anayeibeba ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa boriti, ambaye wengi wetu humpulizia dawa. (Boriti anaziharibu, sikatai.)

Basi panda miche miwili ya mbegu. Nyuki wakiadimika, tumia kidole: maua ya njano hufunguka adhuhuri, hamisha chavua mchana huohuo. Lililoshika huvimba chini ya vile vijiti vitatu baada ya siku chache, lisiloshika hudondoka.