Chema hakijiuzi

Kuna methali ambayo watu wa ufuo wa Dunga, hapa Kisumu, wangeikataa mahakamani: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nenda pale asubuhi mashua zikiingia. Ngege bado anapumua, macho yanang'aa, hana kasoro hata moja, na mama anayemuuza anaita kwa sauti ya kuamsha viboko. Anajua jua likipanda kabla hajapata mnunuzi, samaki huyo ni hasara. Wema wake hautamsaidia mtu.

Methali hiyo ilinigharimu mwaka mzima, na katoni za vitabu chini ya kitanda.

Ninaandika riwaya hapa Kisumu na kuzichapisha mwenyewe. Kila mara napigiwa simu na mwandishi chipukizi, leo wa Siaya, kesho wa Kakamega: "Mwalimu, nimepata ISBN! Sasa?" Furaha yake naielewa. Yangu niliitazama kama mtahiniwa anavyotazama matokeo. Lakini ISBN ni nambari ya kukitambulisha kitabu tu. Hapa Kenya inatolewa na KNLS, shirika la maktaba za taifa. Ina tarakimu 13, za kwetu huanza na 978-9966 au 978-9914, na tarakimu ya mwisho ni ya kukagua kama zilizotangulia zimenakiliwa sawasawa. Haisemi kitabu ni kizuri. Wala hailindi hakimiliki, maana hakimiliki unayo tangu ulipoiandika kazi yako, na kwa sheria yetu inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Kuisajili KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, si lazima, ingawa ni ushahidi mzuri siku ya ugomvi.

Baada ya ISBN huja uzinduzi, na huo nao tunaupenda kupita kiasi. Nilikodi ukumbi na viti, nikanunua mandazi. Mjomba alishika kipaza sauti dakika 20 akieleza nilivyokuwa mkaidi utotoni. Nakala 31 ziliuzwa. Naweza kukutajia wanunuzi wote 31 kwa majina, na yupi kati yao ni shemeji ya nani. Hawakununua riwaya, walinichangia. Ile ilikuwa harambee.

Hesabu ndiyo iliyonizindua usingizini. Nilichapa nakala 500 za kitabu cha kurasa 176. (Si bahati kwamba ni 176. Karatasi hukunjwa kwa mafungu, kwetu ya kurasa 16, kwa hiyo mswada wa kurasa 178 ungenilipisha fungu zima kwa ajili ya kurasa mbili. Heri ukate aya mbili tatu.) Gharama ilikuwa shilingi 130,000, yaani 260 kwa nakala. Bei nikaweka 600. Duka la vitabu lilichukua kwa mali kauli, likakata asilimia 35, ambayo ni 210. Ukitoa na gharama ya kuchapa, ninabaki na 130, na hapo sijalipa nauli ya kupeleka mzigo. Nikimuuzia msomaji mkononi, nabaki na 340. Ungedhani mtu mwenye hesabu hiyo angepaza sauti. Mimi nilinyamaza. Niliona haya kujipigia debe, nikajiambia kazi nzuri itajisemea.

Basi siku moja nikiwa kwenye steji nikasubiri gari la Kakamega lijae, na kwa kuwa halikuwa na haraka ya kujaa, nikamsikiliza mpiga debe. Hakutaja dereva amesomea wapi. Hakutaja gari lilinunuliwa kwa jasho gani. Aliita linakokwenda: "Kakamega! Kakamega! Kakamega mbili!" (Ile "mbili", yaani zimebaki nafasi mbili, ni uongo, ndani tulikuwa watatu. Waandishi nao wanayo yao: "Zimebaki nakala chache." Zinabaki chache miezi kumi na minane mfululizo.)

Nilirudi nyumbani nikatoa nakala moja chini ya kitanda nikageuza jalada la nyuma. Picha yangu. Nilikozaliwa. Digrii yangu. Shukrani kwa wazazi. Hakuna hata sentensi moja iliyosema gari linakwenda wapi. Nikakumbuka watu niliowaona dukani wakikiokota, wakikigeuza, wakisoma mistari miwili na kukirudisha polepole kama mtu anayerudisha mtoto wa wenyewe.

Riwaya yenyewe inaanza na mwanamke anayevuka kwa feri kutoka Mbita hadi Luanda K'Otieno akiwa na jeneza tupu. Hilo ndilo gari langu! Nilikuwa nimelificha ukurasa wa tatu. Sikuwa na fedha za kuchapa upya, nikatengeneza kibandiko cha mistari minne, nikakibandika nyuma ya kila nakala juu ya digrii yangu. Mama alinuna kuhusu digrii.

Tangu hapo naona kujitangaza kuna aina mbili. Kuna kusema "mimi ni mwandishi, niunge mkono," na kuna kusema "kuna mwanamke ana jeneza tupu." Ya kwanza inachosha marafiki ndani ya wiki mbili. Ya pili hata mimi sioni haya kuisema, kwa sababu si mimi ninayesifiwa. Kwenye hali ya WhatsApp naweka aya moja, nakata pale inapouma, basi. Nikipewa dakika tano kwenye chama au shuleni sihutubii, nasoma ukurasa mmoja kwa sauti. Mwisho wa mwezi watu hununua. Wiki ya kufungua shule usijisumbue, mzazi ana orodha ya vitabu vya mtoto mkononi. Na matangani siuzi. Nimewahi kuombwa kitabu nikiwa matangani na nikakataa, mnicheke.

Kuhusu kitabu teule, kile kinachochaguliwa kisomwe na shule za sekondari, najua kila mwandishi wa Kiswahili nchini anakiota. Kwa wakati mmoja watahiniwa wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, husoma riwaya moja, tamthilia moja na mkusanyiko mmoja wa hadithi fupi. Ota, lakini usipangie kodi ya nyumba. Tuzo afadhali ujaribu: ile ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo siku hizi ni ya Safal, hupokea hata miswada ambayo haijachapishwa.

Nakala ya 32 ndiyo ninayoihesabu kuwa ya kwanza. Ujumbe uliingia usiku kutoka nambari nisiyoijua: "Shikamoo. Kuna mtu ameweka kipande cha kitabu chako. Naomba kujua jeneza lilikuwa la nani." Dada huyo alikuwa Webuye. Sikumjibu swali lake, nilimpa bei. Shilingi 600 zikaingia M-Pesa na jina ambalo si la ukoo wetu, wala kanisa letu, wala shule niliyosoma.

Asubuhi nikapeleka kifurushi ofisi ya mizigo. Kijana wa risiti akauliza ndani kuna nini.

"Kitabu."

"Cha nini, madam?"

Nikamwambia habari ya mwanamke na feri. Kalamu ikasimama.

"Jeneza la nani?"

"Mia sita," nikamwambia.