Mwezi Mzima Kwenye Uzi Mmoja

Siku ya kwanza mwalimu wa fidla alinisikiliza kama dakika mbili, akainua mkono. "Basi, mwanangu. Hebu nipigie uzi wa A mtupu." Yaani bila kuubana kwa kidole. Nikapiga. "Tena." Nikapiga tena. Saa nzima ikaishia hapo. Nilikuwa nimepiga fidla miaka 20 na kuifundisha miaka 11; nikatoka pale nimenywea kama kuku aliyenyeshewa.

Kosa lilikuwa kwenye kidole gumba cha mkono wa upinde. Changu kilinyooka kama msumari. Kidole gumba kikinyooka, kifundo cha mkono kinakaza, kiwiko kinafuata, mwisho bega linapanda kuelekea sikioni. Bega likishapanda, uzito wa mkono haufiki tena kwenye uzi. Wewe unabaki kugandamiza kwa vidole. Miaka yote hiyo nilikuwa nagandamiza, na mwenyewe nikiisifu sauti yangu kuwa nene.

Tazama kinachotokea upinde unapokutana na uzi. Nywele za mkia wa farasi, zilizopakwa utomvu mkavu wa msonobari, zinaunasa uzi na kuuvuta kidogo, uzi unachomoka, unanaswa tena. Kwa A ya hezi 440, hayo hutokea mara 440 kwa sekunde. Ukigandamiza huku upinde unatambaa, uzi unashindwa kuchomoka kwa wakati, nawe unasikia mkwaruzo. Ukipitisha upinde mbio bila uzito, uzi haunaswi sawasawa, sauti inatoka kama pumzi. Halafu kuna suala la mahali: karibu na daraja, kile kibao kinachoinua nyuzi, uzi unataka uzito zaidi na mwendo wa polepole; kuelekea ubao wa vidole, pale mkono wa kushoto unapobana nyuzi, ni kinyume chake. Uzito, mwendo, mahali. Mimi yote matatu niliyatibu kwa dawa moja: nguvu.

Na upinde wenyewe una gramu kama 60 tu! Ukipiga karibu na mkono, kidole cha mwisho, kikiwa kimepinda, ndicho kinachousawazisha. Ukifika nchani kazi inahamia kwenye kidole cha shahada, na uzito unatoka kwenye kigasha kinachogeuka kidogo kwa ndani. Kuandika hivi ni rahisi. Nilishinda wiki mbili nikishika penseli badala ya upinde, nikikunja na kukunjua vidole, hata nikisubiri maji yachemke.

Amri iliyoniuma zaidi ilikuwa kutogusa vipande vya muziki nilivyovizoea. Niliona ni ukali wa bure, mpaka usiku mmoja nikaiba dakika tano nikapiga kimoja. Kabla ya mstari wa tatu kidole gumba kilikuwa kimeshanyooka. Mkono ulikikumbuka kile kipande pamoja na kasoro zake. Sasa wanafunzi wangu wanaobadilisha mshiko nawapa muziki mpya kabisa, na wananinunia vilevile.

Mkono wa kushoto haukuchukua muda. Aliniambia niguse uzi kwa wepesi mpaka upige mluzi, kisha niongeze kidogokidogo mpaka noti isafike, niishie hapo. Kumbe nilikuwa nabana mara mbili ya kinachotakiwa. Kidole cha tatu kikitua sawasawa kwenye uzi wa A, noti ya D inayotoka inauamsha uzi wa D ulio jirani ukaitikia wenyewe. Kikikosea hata kidogo, jirani ananyamaza.

Tulishindwana kwenye mto wa bega, ule unaowekwa kati ya fidla na bega. Yeye hautaki, na hoja yake ni kwamba hata kibao cha kidevu kilikuja karibu mwaka 1820, kwa mpiga fidla Mjerumani Louis Spohr, na watu walipiga vizuri kabla ya hapo. "Hawakuwa na shingo yangu, Mwalimu," nikamjibu. Akanitazama shingo, akaguna. Mto ukabaki.

Wiki ya tano nikaruhusiwa uzi wa D.