Je, wajua kwa nini ndege zenye kasi kuliko zote duniani ziliwahi kuwa zile za kurukia majini?

Kuanzia Novemba 1927 hadi Machi 1939, rekodi ya dunia ya kasi angani haikushikwa hata mara moja na ndege yenye magurudumu. Kwa zaidi ya miaka 11 ilikuwa mali ya ndege zilizobeba maboya mawili marefu chini ya tumbo, za kuruka na kutua juu ya maji tu. Ukiitazama picha ya Macchi-Castoldi M.C.72 ya Italia, swali linakuja lenyewe. Maboya yale ni marefu karibu sawa na kiwiliwili cha ndege, na yote yamo katikati ya upepo. Si ndiyo yangeipunguzia mwendo? Iliwezekanaje basi ndege za nchi kavu, zisizo na mzigo huo, ziachwe nyuma miaka yote hiyo?

Jibu tulitafute chini, pale ndege inapoondoka na pale inapotua.

Nguvu ya bawa kuinua ndege hukua haraka kadiri mwendo unavyokua: mwendo ukiwa mara mbili, nguvu hiyo huwa mara nne. Kwa hiyo ndege inayokwenda kilomita 600 kwa saa haihitaji bawa kubwa. Bawa likizidi kipimo linakuwa mzigo, kwani kila kipande cha uso wake kinakwaruzana na hewa na kula nguvu ya injini. Mhandisi anayetafuta rekodi atalipunguza bawa hadi mwisho. Supermarine S.6B ya Uingereza, iliyochorwa na R. J. Mitchell, ilikuwa na mabawa yenye eneo la mita za mraba 13.5 hivi, na uzito wa zaidi ya kilo 2,700 ilipojazwa mafuta. Kila mita moja ya mraba ilibeba kilo 200. Ndege ya namna hiyo haiondoki mpaka iwe na mwendo mkali sana, na inaporudi lazima iguse chini ingali inakwenda zaidi ya kilomita 140 kwa saa.

Shida ya pili ilikuwa rafadha, yale mapanga ya mbele yanayoivuta ndege. Wakati ule rafadha za mashindano zilikuwa na pembe moja isiyobadilika. Ukizikata kwa pembe inayofaa kilomita 600 kwa saa, mwanzoni zinapiga hewa bure bila kuishika vizuri, mfano wa dereva anayeondoa gari kwa gia ya juu kabisa. Injini inanguruma kwa nguvu zake zote, lakini ndege inajikokota. Inahitaji umbali mrefu mno kabla haijachanganya mwendo.

Sasa umbali huo upatikane wapi? Viwanja vya ndege vya miaka ya 1920 vilikuwa vya nyasi, vifupi, na havikuwa tambarare sana. Kutua humo kwa mwendo ule kwenye magurudumu madogo kulikuwa kujitafutia kifo. Bahari na ziwa, kinyume chake, vina nafasi ya kilomita na kilomita, bila mti wala ukuta mwishoni. Rubani aliweza kukimbia juu ya maji kadiri alivyotaka, na akirudi alikuwa na nafasi ileile ya kupunguza mwendo taratibu. Wahandisi walipiga hesabu wakaona kwamba hasara ya maboya ni ndogo kuliko hasara ya mabawa makubwa ambayo ndege ya nchi kavu ingelazimika kuwa nayo. Kumbuka pia kwamba ndege nyingi za nchi kavu wakati ule zilining'iniza magurudumu na nguzo zake nje muda wote, kwa hiyo nazo hazikuwa safi mbele ya hewa.

Hesabu hiyo isingetosha bila fedha, na fedha zililetwa na mashindano. Mwaka 1912 Mfaransa Jacques Schneider alitoa kombe la ndege za majini. Shabaha yake ilikuwa usafiri: aliona dunia imejaa maji, bandari ziko kila pwani, akaamini kwamba ndege za abiria zitakuwa za majini. Mashindano ya kwanza yalifanyika Monaco mwaka 1913. Baada ya muda serikali zikaingia na wanajeshi wao, kombe likawa la heshima ya mataifa, na zikazaliwa ndege ambazo hazikuweza kubeba hata abiria mmoja. Schneider alifariki mwaka 1928 akiwa fukara. Naona uchungu kila ninapokumbuka hilo, kwani kombe lake lilifundisha dunia mengi kuhusu kasi kuliko mtu yeyote alivyotarajia, ila si lile alilolitaka yeye.

Maboya yenyewe hayakukaa bure. Katika S.6 na S.6B yalikuwa ndiyo matangi ya mafuta. Na hapa kuna jambo la kupendeza. Rafadha inapozunguka upande mmoja, ndege nzima husukumwa kulalia upande wa pili. Kwa injini ya Rolls-Royce R, iliyotoa nguvu-farasi 1,900 mwaka 1929 na 2,350 mwaka 1931, msukumo huo ulilizamisha boya la kushoto kiasi kwamba S.6 ilipojaribiwa mara ya kwanza iliishia kuzunguka duara juu ya maji. Dawa ilikuwa kujaza mafuta mengi zaidi kwenye boya la kulia ili uzito wake uishinde nguvu ya rafadha, na rubani kuchagua vizuri aanze akielekea upande gani wa upepo.

Kisha kulikuwa na joto. Rejeta ya kawaida inayosimama mbele ya upepo ingeharibu kazi yote ya kupunguza ukinzani wa hewa. Kwa hiyo ngozi ya mabawa ilitengenezwa kwa bati mbili, na maji ya injini yakapita katikati yake. Oili ilipoozwa kwenye mbavu za kiwiliwili. Katika S.6B hata migongo ya maboya ilifanywa rejeta. Hapakuwa na chochote cha ziada kinachotokeza nje, na bado joto ndilo lililotawala: rubani aliongeza au kupunguza nguvu ya injini kwa kuutazama mshale wa joto la maji.

Mwaka 1931 serikali ya Uingereza, ikiwa katika msukosuko wa uchumi, ilikataa kulipia mashindano. Mwanamke tajiri, Lady Lucy Houston, akatoa pauni 100,000 kutoka mfukoni mwake. Wapinzani hawakuwa tayari, kwa hiyo tarehe 13 Septemba rubani John Boothman aliruka peke yake katika S.6B na kuipatia Uingereza kombe liwe lake daima, kwa kuwa ulikuwa ushindi wa tatu mfululizo wa nchi hiyo. Tarehe 29 mwezi huohuo George Stainforth alifikisha kilomita 655 kwa saa.

Waitaliano walikuwa wamechelewa kwa sababu ya injini. Fiat AS.6 ya M.C.72 ilikuwa injini mbili za silinda 12 zilizopangwa moja nyuma ya nyingine, kila moja ikizungusha rafadha yake, moja kulia na nyingine kushoto. Misukumo ikafutana, na tatizo la boya kuzama likaisha. Hata hivyo gharama ilikuwa ya damu: marubani Giovanni Monti na Stanislao Bellini walikufa katika majaribio ya mwaka 1931. Kombe likaisha, lakini Waitaliano hawakuiacha kazi. Tarehe 23 Oktoba 1934, juu ya Ziwa Garda karibu na Desenzano, Francesco Agello aliruka kilomita 709.2 kwa saa.

Kilichokuja kuzishinda ndege hizi ni vitu vilivyoiondoa ile shida ya kuondoka na kutua: rafadha zinazobadili pembe angani, flapu zinazoongeza nguvu ya bawa wakati wa kutua, magurudumu yanayokunjwa ndani, na viwanja vikubwa zaidi. Ndege ya nchi kavu sasa iliweza kuwa na bawa dogo na bado ikatua salama, bila maboya. Tarehe 30 Machi 1939 Heinkel He 100 ya Ujerumani ilifikisha kilomita 746 kwa saa, na Aprili Fritz Wendel akafikisha 755 kwa Messerschmitt Me 209. Rekodi ya Agello imebaki katika kundi la ndege za majini zenye injini za pistoni, na hadi leo hakuna aliyeivunja.