Hamira si bakteria

Mbege, pombe ya ndizi, ikianza kutoa povu pale Moshi, wengi husema bakteria wameanza kazi. Wanaamini kila kiumbe chenye seli moja, kisichoonekana kwa macho, ni bakteria. Si kweli. Kinachotenganisha bakteria na hamira ni muundo wa seli, wala si udogo.

Weka tone la mbege chini ya hadubini. Utaona seli za umbo la yai, nyingine zimechipuza kaseli kadogo ubavuni. Hiyo ni hamira, inazaliana. Ndani ya kila seli kuna kiini chenye utando wake, na humo ndimo DNA, yaani taarifa za urithi, ilimotunzwa. Kuna pia mitokondria, sehemu ndogo zinazoipa seli nishati. Kwa hiyo hamira, ambayo ni fangasi, ni yukarioti, yaani kiumbe chenye kiini ndani ya seli, sawa na mgomba uliozaa ndizi za mbege na hata mnywaji mwenyewe! Bakteria ni prokarioti: hana kiini, DNA yake haikuzungushiwa utando. Nao wamo kwenye mbege, huongeza uchachu, ila hamira ndiyo inayotengeneza kilevi.

Jambo hili linagusa afya. Penisilini, antibiotiki (dawa dhidi ya bakteria), huvuruga ujenzi wa ukuta wa seli za bakteria. Ukuta wa fangasi umejengwa kwa vitu vingine, hivyo dawa hiyo haiwagusi. Tafadhali usimeze antibiotiki kutibu fangasi.

Kinyume cha hamira, kinachoitwa mwani wa kijani-buluu, chakula cha ndege aina ya heroe (flamingo) kwenye maziwa ya Momella, Arusha, ni bakteria kabisa, ingawa hutumia mwanga wa jua kama mimea.