Buibui wa nyumbani ni yupi hasa, na kumdhibiti maana yake nini

Watu wakisema buibui wa nyumbani kichwani wanakuwa na mmoja tu, yule wa kwenye kona ya dari, kumbe ndani ya nyumba moja wanaweza kuishi hata wanne watano wa jamii tofauti kabisa, kila mmoja na namna yake ya kuwinda na mahali pake pa kujificha. Kwa hiyo kabla hujakimbilia kopo la dawa ya kupuliza jua kwanza unapambana na nani, maana watu wanamaliza makopo halafu baada ya muda mfupi utando uko palepale.

Tuanze na msingi fasta fasta. Buibui kitaalamu wala sio mdudu, yuko kundi moja na nge, kupe na utitiri. Miguu 8, mwili vipande viwili, hana mabawa, hana zile antena za kichwani. Aina zilizokwisha kuandikwa na wataalamu duniani zimepita 50,000 na karibu zote zina sumu, ila tulia, sumu yenyewe ni ya kuulia nzi na mbu, na wanaoweza kumletea binadamu shida ya maana ni wachache mno. Wengi hata meno yao hayapenyi ngozi yako vizuri. Sasa ukisema "wa nyumbani" unamaanisha wale waliozoea kuishi na watu, yaani wanazaliwa, wanakula na kufia humohumo ndani, tofauti na mgeni aliyepotea njia usiku akapita chini ya mlango.

Njia rahisi ya kuwajua usianze na rangi, rangi inadanganya sana. Angalia utando. Je, anao? Na kama anao ukoje?

Yule mwenye miguu mirefu myembamba kama uzi, mwili mdogo hata sentimita moja haufiki, anayening'inia kichwa chini kwenye utando uliochakaa chakaa darini au nyuma ya mlango wa bafu, huyo kitaalamu anaitwa Pholcus phalangioides, na ana ndugu zake kibao wanaofanana naye. Kumhakikisha ni rahisi, gusa utando wake kidogo na kijiti, ataanza kujitikisa kwa kasi mpaka humuoni vizuri, anakuwa kama ukungu tu, hiyo ndiyo kinga yake. Na ukimkuta jike ameshika kitu mdomoni kama kishada cha vipunje mviringo vya rangi ya maziwa, hayo ni mayai yake, anayabeba hivyo mpaka yaanguliwe. Kuna ile stori inasambaa kila mwaka kwamba huyu ndiye mwenye sumu kali kuliko wote duniani ila meno yake mafupi, ni uongo mtupu. Tena huyu anakula buibui wengine, hata wale wa hatari. Kosa lake kubwa ni uchafu, utando wake mkuukuu unashika vumbi halafu dari linaonekana kama nyumba imehamwa.

Halafu kuna kafupi, kanene kidogo, kana manyoya, kanatembea ukutani mchana kweupe na kanaruka. Hako hakatengenezi utando wa kunasia. Kanawinda kwa macho, na macho yenyewe manane, mawili ya mbele makubwa hasa, ukisogeza kidole kanageuka kukuangalia, mimi sijaona kiumbe kidogo hivyo chenye umbea kama huyu. Kabla ya kuruka kananatisha uzi ukutani kwanza, kakikosea kanarudi juu na huo uzi. Ushauri wangu, kaache. Kanakula mbu na nzi bure, hakachafui ukuta, na hakana habari na wewe.

Anayefanya watu wapige kelele ni yule mkubwa bapa, miguu imetandazwa pembeni kama ya kaa, anatokea usiku jikoni au stoo na mbio zake si za kawaida. Huyu naye hana utando, anakimbiza mende. Jike utalikuta limebeba kifuko bapa cha mayai tumboni kama sarafu nyeupe na bado linakimbia nacho. Akibanwa anaweza kuuma na inauma kweli kwa muda, lakini kawaida mambo yanaishia hapo. Ila elewa ujumbe wake, ukimuona mara moja ni mgeni, ukianza kuwaona kila usiku basi nyumba ina mende wengi kuliko unavyodhani, na hapo kumuua buibui unakuwa umemuua mfanyakazi tatizo ukaliacha.

Wa kuwaogopa sasa. Wajane, jamii ya Latrodectus. Hawa wanapenda chini, sehemu isiyoguswa, chini ya viti vya plastiki, nyuma ya ndoo, kwenye rundo la mbao, ndani ya kiatu kilichoachwa nje muda mrefu. Utando wao hauna mpangilio, nyuzi zimekatizana ovyo na ukizivuta ni ngumu ajabu, zinakatika kwa mlio mdogo. Mwili wa jike ni mviringo kama punje inayong'aa, na chini ya tumbo kuna alama ya pembetatu mbili zilizogusana ncha, nyekundu kwa mjane mweusi, ya machungwa kwa mjane wa kahawia. Huyu wa kahawia ana kitambulisho kingine kizuri, kifuko chake cha mayai kina vijimwiba pande zote, ukikiona hicho huna haja ya kumtafuta mwenyewe ili uhakikishe. Mwingine ni Loxosceles, kahawia wa kawaida tu, ana macho sita yaliyopangwa mawili mawili na baadhi yao wana doa jeusi mgongoni lenye umbo la fidla, anajificha kwenye nguo na maboksi, na kidonda chake wakati mwingine kinaoza nyama ya pembeni. Wote hawa ni waoga, hawamfuati mtu, wanauma wakigandamizwa, yaani umevaa kiatu bila kukikung'uta au umeingiza mkono gizani.

Na hapa niseme jambo, maana buibui anasingiziwa mno. Mtu anaamka na malengelenge yamejipanga mstari shingoni, jirani anasema buibui amekukojolea. Hapana. Mara nyingi huyo ni mdudu mwembamba mwekundu na mweusi wa jamii ya Paederus, anafuata taa usiku, haumi, ila ukimponda kwenye ngozi majimaji yake yanaunguza. Malengelenge ya upande mmoja wa mwili yenye maumivu ya moto yanaweza pia kuwa mkanda wa jeshi, na jipu lenye usaha mara nyingi ni bakteria tu, mtu anakaa nyumbani akipaka majivu kwa sababu "ni buibui" huku ugonjwa unazidi. Kama hukumuona buibui akikuuma, usimhukumu.

Haya, kudhibiti. Watu wanadhani ni kuua wote waishe, hiyo hufiki, na hata ukifika kesho wataingia wengine. Kudhibiti ni kuondoa vitu viwili vinavyomleta, chakula na maficho. Chakula chake ni wadudu, na wadudu wanaletwa na taa. Taa nyeupe kali juu ya mlango inawaka usiku kucha inaita nondo na mbu, buibui naye anahamia pembeni yake kwa sababu hana wazimu, chakula kinajileta. Izime, au weka ya mwanga wa njano, au isogeze mbali na mlango. Hilo peke yake linapunguza utando wa nje kuliko dawa. Kisha ziba, uwazi chini ya mlango, tundu la bomba linapopita ukutani, nyavu za dirisha zilizochanika. Maboksi ya karatasi stooni badilisha uweke ya plastiki yenye mfuniko, na vitu visirundikwe vikigusa ukuta.

Utando utoe na fagio la mpini mrefu lililofungwa kitambaa kibichi kidogo, au mashine ya kufyonza vumbi ukiwa nayo, na usiishie kwenye nyuzi, tafuta kile kifuko cha mayai maana kimoja kinaweza kuwa na zaidi ya mayai mia, ukikiacha umefanya kazi bure. Rudia mara kwa mara, buibui anayeharibiwa utando kila anapojenga anahama mwenyewe, kutengeneza nyuzi kunamla nguvu.

Kuhusu dawa za kupuliza, ukimlenga mwenyewe anakufa, sikatai. Tatizo ni ile ya kupaka ukutani ibaki ikifanya kazi. Mende anaburuza tumbo, anajisafisha miguu kwa mdomo, anajilisha sumu mwenyewe. Buibui anatembea kwa ncha za miguu mwili uko juu, na wa kwenye utando ukuta wenyewe haugusi, kwa hiyo dawa inamkosa na wewe unabaki kuivuta usingizini. Mafuta ya mnanaa yanayosifiwa mitandaoni yana harufu nzuri, lakini usiyategemee, harufu inaisha haraka.

Asiye wa hatari mfunike na glasi, pitisha karatasi ngumu chini yake, mpeleke nje. Yule unayemkuta kwenye beseni la kuogea hajatokea kwenye bomba la maji machafu, ameteleza akaingia na hawezi kupanda ukuta laini, mara nyingi ni dume lililokuwa linatafuta jike. Mtupie taulo pembeni apandie, atatoka. Kwa mjane vaa glavu nene na viatu, tumia mpini mrefu, mponde pamoja na kifuko chake.

Ukiumwa kweli osha kwa maji na sabuni, weka kitu cha baridi, usichanje na usinyonye. Sumu ya mjane inashika mishipa ya fahamu, kwa hiyo maumivu yakianza kupanda, misuli ya tumbo au mgongo ikikaza, jasho linatoka bila sababu, nenda hospitali saa hiyohiyo, na aliyeumwa akiwa mtoto usisubiri hata hizo dalili. Kama buibui amepondwa mtie kwenye chupa uende naye, au mpige picha ya tumboni, huko ndiko iliko ile alama.