Ugonjwa wa mapafu baada ya kifua kikuu: kupona TB na bado kubanwa pumzi

Mgonjwa wa kifua kikuu anapomaliza dozi yake ya miezi sita na makohozi yakapimwa yakakutwa hayana vimelea, kliniki humwandika kuwa amepona na jalada lake hufungwa. Kuhusu vimelea, hilo ni kweli. Ila kipimo cha makohozi hakisemi chochote kuhusu hali ya mapafu yaliyobaki. Wapo wanaohema wakipanda ngazi chache au kukohoa kila asubuhi miaka mingi baada ya kuachana na vidonge. Majirani huhisi TB imerudi, na wenyewe huogopa kukohoa mbele za watu. Wengi wao hawana TB. Wana kile ambacho siku hizi watafiti wanakiita ugonjwa wa mapafu baada ya kifua kikuu.

Ni jambo ambalo waganga wa kliniki za TB wamelijua kwa miaka mingi, lakini halikuwa na maana moja iliyokubaliwa. Mwaka 2019 wataalamu walikutana Stellenbosch, Afrika Kusini, katika kongamano la kwanza la kimataifa la suala hili. Maana waliyoafikiana ni hii: kasoro ya kudumu katika mfumo wa upumuaji, iwe ina dalili au haina, ambayo angalau kwa sehemu imetokana na kifua kikuu cha zamani. Wamesema "kwa sehemu" kwa sababu mtu huyohuyo huenda amevuta sigara, amepika kwa kuni maisha yake yote, au amefanya kazi mgodini kwenye vumbi la mawe. Kutenganisha mchango wa kila kimoja ni kazi ngumu.

Uharibifu wenyewe hutokeaje? Hapa kuna jambo la kushangaza: sehemu kubwa haifanywi na bakteria. Seli za kinga zinapopambana nao hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha kolajeni, zile nyuzi imara zinazoshikilia umbo la pafu. Penye mapambano makali hubaki tundu. Ndiyo maana mtu ambaye VVU vimeshusha sana kinga yake huwa na matundu machache kuliko mwenye kinga nzuri, ingawa TB yenyewe ni hatari zaidi kwake.

Baada ya tiba, sehemu zilizoharibika huwa kovu, na pafu lenye kovu halitanuki ipasavyo. Kwingine kuta za mirija ya hewa hulegea na kubaki zimetanuka, kama mpira wa suruali uliokwisha nguvu. Makohozi hutuama humo, bakteria wa kawaida huzaliana, na mtu hukohoa makohozi mengi kila siku. Hali hiyo huitwa bronkiektasi. Mirija mingine hufanya kinyume chake: husinyaa, hewa ikapita kwa shida. Mgonjwa mmoja anaweza kuwa na yote matatu.

Utafiti uliotufungua macho katika ukanda huu ulifanyika Blantyre, Malawi, ukachapishwa mwaka 2020. Watu wazima 405 waliokuwa wanamaliza dawa za TB walipimwa kwa kina, kisha wakafuatiliwa kwa mwaka mmoja. Wastani wa umri wao ulikuwa takriban miaka 35. Siku za mwisho za dozi, sita kati ya kumi bado walikuwa na dalili za kifua, zaidi ya asilimia 40 walikuwa na bronkiektasi, na theluthi moja walikuwa na upumuaji usio wa kawaida. Hao ni watu wa umri wa kulima, kubeba mizigo na kulea watoto. Duniani kote, makadirio ya mwaka 2021 yalionyesha kuwa watu wapatao milioni 155 waliowahi kuugua TB walikuwa hai mwaka 2020.

Kipimo cha upumuaji si cha ajabu. Kinaitwa spirometri: unavuta pumzi mpaka mwisho, unapuliza kwa nguvu kwenye mrija, na mashine inapima hewa iliyotoka katika sekunde ya kwanza na hewa yote. Ya sekunde ya kwanza ikiwa kidogo mno kulinganisha na yote, mirija imebana, na hapo pampu za kutanua mirija zinaweza kusaidia. Yote ikiwa kidogo lakini uwiano uko sawa, huenda pafu limesinyaa, na pampu haitafanya mengi. Kumpa kila anayehema pampu ya pumu bila kumpima ni kupoteza hela zake.

Kinachosaidia wengi ni mazoezi. Kampala, watafiti wa Makerere walijaribu programu ya wiki sita ya mazoezi yanayosimamiwa pamoja na elimu ya afya kwa watu waliobaki na mapafu mabovu baada ya TB. Washiriki walitembea mbali zaidi, na baadhi yao maumivu ya kifua yalipungua. Ongeza kuacha sigara, kukaa mbali na moshi, na kufundishwa namna ya kutoa makohozi.

Lakini kikohozi kikirudi, kisipuuzwe. Aliyewahi kuugua TB yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuugua tena. Tatizo ni kwamba picha ya eksirei huonyesha makovu ya zamani yanayofanana na ugonjwa mpya, na hata kipimo cha GeneXpert kinaweza kunasa vinasaba vya bakteria waliokwisha kufa kwa mtu aliyetibiwa karibuni. Kuotesha makohozi maabara huchukua wiki kadhaa, lakini ndiko kunakoonyesha kama kuna bakteria hai.

Anayekohoa damu aende hospitali siku hiyohiyo. Inaweza kuwa TB imerudi, inaweza kuwa bronkiektasi, na inaweza kuwa ukungu wa aspagilasi ulioota ndani ya tundu la zamani. Ukungu huo hutibiwa kwa dawa kama itrakonazoli, na rifampisini, dawa kuu ya TB, hushusha sana kiwango cha itrakonazoli mwilini. Kwa hiyo mwenye ukungu akirudishwa kwenye dozi ya TB kwa kubahatisha, hapati tiba ya ugonjwa alionao, na hata akianzishiwa dawa ya ukungu sambamba, haitafanya kazi inavyopaswa.