Nani kakudanganya Ujerumani hakuna shikamoo?

Juzi tena. Kijana ana B1 yake mkononi, cheti cha Kijerumani cha kiwango cha kati, anasubiri viza ya Ausbildung (mafunzo ya kazi) ya uuguzi, kanitumia sauti ya dakika nne WhatsApp: "Mambo mwalimu! Raha ya Wazungu moja tu, hawana habari za shikamoo. Bosi unamwita jina lake, kwisha." Nafundisha Kijerumani na kukalimani miaka mingi sasa, na maneno haya nimeyasikia mpaka nayaota. Nahisi yanatoka kwenye filamu za Kimarekani. Kwa Kiingereza mtoto, mbwa na waziri mkuu wote ni "you". Kijerumani si Kiingereza kilichovaa koti.

Kitabu chako kilikwambia Kijerumani kina "wewe" mbili: du ni ya marafiki, Sie ni ya wageni. Ukajaza zoezi, ukapata alama, ukasonga mbele. Sasa sikiliza. Mtu mzima usiyemjua ni Sie, pamoja na Herr (Bwana) au Frau (Bi) na jina la ukoo. Keshia ni Sie. Dereva wa basi, jirani wa mlango wa pili, anayedeki ngazi: Sie. Shikamoo hupanda kutoka kwa mdogo, marahaba ikashuka. Sie haipandi wala haishuki. Mzee wa miaka themanini atakuita Sie wewe wa ishirini na mbili, na wewe utamrudishia Sie ileile. Ndiyo maana wengi wetu hatuitambui kuwa ni heshima: tumezoea heshima yenye ngazi. Basi muuguzi mpya anaingia wodini, anamwona bibi kizee, moyo unamlainika, anamwita du kama bibi yake wa Korogwe. Bibi ananuna siku nzima. Kwake yeye amefanywa mtoto.

Du hutolewa. Mwenye kuitoa ni mkubwa kwa umri, au kazini mwenye cheo, wewe subiri. Ukishapewa, kurudi kwenye Sie ni kama kutangaza ugomvi.

Na hapa ndipo vitabu vinapokaa kimya. Kampuni nyingi siku hizi zimeamua wote waitane du, ila ukivuka korido kwenda idara nyingine unakuta hawajaamua. Kuna wanaotumia jina la kwanza pamoja na Sie. Wenyewe wanaiita Sie ya Hamburg. Kuna kinyume chake, du ya München: madukani utasikia "Frau fulani" kwa jina la ukoo, halafu anaulizwa kwa du kama ana chenji. Bosi wa miaka ishirini na nane na mfanyakazi wa hamsini, nani aanze? Kanuni inasema bosi, lakini nimewaona wote wawili wakiangalia viatu vyao. Mimi mwenyewe kuna mtu nafanya naye kazi tangu zamani, na sikumbuki kama tulishapeana du au la. Nikimwandikia barua pepe natunga sentensi zisizo na nafsi ya pili hata moja: "Ingefaa kikao kiwe Jumanne." Aibu kuuliza, miaka imeshapita.

Fräulein, jina la zamani la kumwitia mwanamke ambaye hajaolewa, usiiguse kabisa, hata kwa binti. Serikali ya Ujerumani Magharibi iliifuta kwenye maandishi ya ofisi zake mwaka 1972.

Halafu eti "hawasalimii". Umewahi kukaa chumba cha kusubiri daktari kule? Anayeingia anawaambia wote Guten Tag, nao wanaitikia bila kuinua macho kwenye magazeti. Akitoka, anawaaga wote, watu asiowajua. Kaskazini ni Moin, hata jua likishazama. Bavaria ni Grüß Gott. Wasichokuwa nacho ni ule mfululizo wetu wa habari za nyumbani, za watoto, za kazi, za tangu juzi. Ukimuuliza Mjerumani anaendeleaje, ameulizwa swali, naye atalijibu. Kaa chini usikie habari za mgongo.

Mengine haraka haraka. Jumapili maduka karibu yote yamefungwa, na si uvivu: pumziko la Jumapili limo kwenye katiba yao ya 1949, waliyoihamishia kifungu cha katiba ya Weimar ya 1919. Nunua unga Jumamosi. Chupa tupu ya plastiki usitupe, ukiirudisha dukani mara nyingi ni senti 25 zako. Usimpongeze mtu kwa siku ya kuzaliwa hata jana yake. Wanaona ni mkosi. Na saa: halb neun, neno kwa neno "nusu tisa", si tisa na nusu. Ni nusu ya kuielekea tisa, yaani 8:30, kwetu saa mbili na nusu asubuhi. Mteja wangu mmoja aliitafsiri kwanza kwa Kiingereza, "half nine", yaani 9:30, kisha akaileta kwenye saa za Kiswahili, akafika miadi yake saa tatu na nusu, amepiga tai na anatabasamu.

Yote haya nimemwelezea kijana wangu, kwa sauti ndefu kuliko ya kwake. Kajibu: "Nimekusoma mwalimu. Sasa wewe tukiongea Kijerumani nikuite du au Sie?"

Nimemwambia aniamkie kwanza.